Simu Chini

Video yenyewe ilikuwa ya saa moja na dakika arobaini, na kama haja yako ilikuwa kuona viatu, ungeshiba. Viatu vya Oyoo vilionyeshwa mara nne. Viatu vya wajomba zake vikishuka garini, mara mbili. Magari yenyewe yalipigwa picha kutoka angani, yamejipanga kando ya boma la Mutuini kana kwamba yanauzwa, kisha kamera ikateremka, ikatalii sufuria za pilau, ikaizunguka keki, ikarudi kwenye viatu. Nyakio aliyavumilia yote hayo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya runinga, baba yake nyuma yake kwenye kiti chake cha siku zote, na mumewe Oyoo ameegemea mlango na kikombe cha chai. Walikuwa wameisubiri video hiyo ya ruracio, sherehe yao ya mahari, miezi minne, na alichokitaka Nyakio humo kilikuwa dakika sita tu.

Zikafika. Mzee Mbugua, baba yake, akaonekana ameinuka mbele ya hema la wakwe, kofia mkononi. Akakohoa. Akafungua mdomo. Na hapo hapo, kwa kishindo cha kutikisa madirisha, kikaingia kinanda na kwaya.

Nyakio alidhani runinga imeharibika. Akabonyeza rimoti, akairudisha nyuma, akaanza upya. Mzee akakohoa, akafungua mdomo, kwaya ikaingia. Wakaimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, na mzee kwenye kioo akawa anasema na kusema, mkono unapanda na kushuka, midomo inacheza bila neno. Chini yake yakapita maandishi ya rangi ya dhahabu yenye vimioyo viwili. Kisha ikaja keki.

Nyuma yake Nyakio alisikia kiti kikilia. Baba yake alikuwa amesimama. Alimpita mwanawe bila kumtazama, akavaa gambuti zake mlangoni, akaenda zake kwa ng'ombe. Nyakio akahisi kitu kikimpanda kooni, na hakikuwa kilio. Kilikuwa kichefuchefu hasa, kile cha mtu aliyegundua nywele kwenye uji aliokwisha kuumeza.

Mtu mwingine angesema, video tu, mbona makelele? Lakini huyo hakupata kuisikia sauti ya Ephantus Mbugua. Kwa miaka thelathini mzee huyu alikuwa dalali wa ng'ombe kule Dagoretti, na wafanyabiashara walisema yeye hahitaji simu, akisimama langoni mwa soko akitaja bei, fahali wenyewe wanainua masikio. Nyakio alikua akiitwa kwa sauti hiyo kutoka ng'ambo ya shamba, na alikuwa na mchezo wake, kuitika kabla jina halijaisha. Kisha mwaka juzi sauti ikaanza kukwaruza. Mzee akasema ni vumbi la soko. Madaktari wakasema ni saratani ya koo, na kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe, na wakatoa tarehe.

Nyakio ndiye aliyeng'ang'ania ruracio iharakishwe. Watu wa Oyoo walikuwa wamepanga kuja Desemba kutoka magharibi, wakapigiwa simu waje Agosti, wakaja. Hakutaka hema kubwa wala keki, ingawa vyote vilikuwepo. Alitaka baba yake asimame mbele ya wakwe na kumbariki kwa sauti yake mwenyewe kabla ya kisu, na alitaka ihifadhiwe. Ndiyo maana alimlipa Quincy, mtu wa kamera mwenye studio mjini, tena akamlipa zote mapema, kosa ambalo hata mtoto wa darasa la nne halifanyi. Wiki mbili baada ya ruracio mzee akalazwa. Akatoka na tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa, na tangu siku hiyo anaongea kwa daftari la kurasa mia na biro iliyofungwa kwa uzi. Akitaka kumwita mtu hugonga kikombe kwa kijiko.

Na hakuna mahali pengine sauti hiyo ilipobaki. Mzee alikuwa na simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti maishani mwake. Wageni nao walikuwa na simu za maana, mia moja na zaidi, lakini siku ile zilikuwa mifukoni. Msema chochote, yaani mshereheshaji wa siku hiyo, jamaa mmoja aitwaye Kinyanjui, alirudia kila baada ya dakika kumi, "Simu chini, tafadhali! Simu chini, tumelipa kamera!" Watu wakatii. Amri haikuwa yake. Nyakio alikuwa amehudhuria ruracio ya rafiki yake ambapo kila picha ilikuwa na mgongo wa shangazi fulani aliyeinua tableti, akaapa kwamba uchafu huo hautatokea kwake.

Yeye mwenyewe hakuyasikia maneno ya baba yake. Alisikia mwanzo tu, "Nawashukuru mliotoka mbali," kisha akaitwa na mambo ya jikoni nyuma ya hema. Hakujali sana wakati huo. Atayasikia kwa video.

Kesho yake baada ya kuiona video alipanda ghorofa nne za jumba moja katikati ya mji, kwa sababu lifti ilikuwa na karatasi ya kusema imeharibika, na karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka. Studio ya Quincy ilinuka chipsi baridi na mafuta ya nywele. Ukutani kulikuwa na picha za maharusi wakiruka hewani. Quincy alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu zimechongwa kwa rula, na hakuondoa macho kwenye kompyuta.

"Niaje, madam. Umeona kazi? Zile drone shots, wee!"

"Nimeona. Sauti ya baba yangu iko wapi?"

"Sauti gani?"

"Ya baraka. Umeweka wimbo juu yake."

Quincy akatabasamu, tabasamu la mwalimu aliyeulizwa swali la kijinga. "Sasa skia, sister. Speech za wazee sisi huzipunguza. Ni style. Client anataka energy. Ukiacha mzee aongee dakika sita, watu wanalala."

"Mimi nilikwambia siku ya kwanza. Nilikwambia mambo mengine yote uache ukitaka, lakini hiyo urekodi."

"Na si nimerekodi? Si yuko hapo anaongea?"

Nyakio alishika ukingo wa meza. Meza ilikuwa na ute fulani wa soda, vidole vikanata. "Basi toa wimbo. Nipe kama ilivyokuwa."

Hapo ndipo Quincy alipofungua droo, akatoa nakala ya mkataba, akaweka kucha kwenye mstari wa mwisho kabisa, maandishi madogo kama chawa. Picha ghafi hufutwa baada ya siku thelathini. Nyakio akausoma mara mbili.

"Lakini ulinipa video baada ya miezi minne. Ningejuaje kabla ya siku thelathini?"

"Hapo sasa ni wewe ungefollow up. Hizo kadi za kamera ni expensive, tunazitumia kwa harusi zingine." Kisha akakumbuka kitu cha kumfariji. "Lakini mzee si yuko hai? Mlete hapa studio, aongee tena, niiweke juu ya video, free. Huyo ni mzazi, siwezi kumcharge."

Nyakio alimwambia kuhusu koo. Quincy akasema, "Woi, pole," akageukia kompyuta, akaguguna chipsi moja iliyokuwa imebaki kwenye karatasi. Alishuka ghorofa nne akijifuta vidole kwenye sketi, na ute ule ukawa hautoki.

Debra, binamu yake, alikuwa wakili mwenye ofisi ya vyumba viwili Parklands, juu ya duka la dawa. Alimsikiliza Nyakio mpaka mwisho bila kuandika kitu, akaenda akamletea maji.

"Kesi utashinda," alisema. "Tunaipeleka Mahakama ya Madai Madogo, hata sihitajiki sana, utajisimamia. Amechelewesha kazi, amefuta kabla hujaona. Hakimu atamwagiza akurudishie pesa, labda na kitu kidogo juu."

"Sawa. Tuanze leo."

"Ngoja. Utashinda, lakini utashinda nini? Pesa itarudi. Sauti hairudi. Na utakaa na huyo Quincy chumba kimoja, umsikize akisema mzee hakuongea karibu na maikrofoni, kwamba mvua ilinyesha, kwamba wewe ni mteja msumbufu. Najua tabia zao. Nikikuangalia hivi ulivyo, utatapika kwenye viatu vya karani."

"Wacha nitapike. Nataka aulizwe mbele ya watu."

Debra akavuta karatasi. Wakaandika pamoja. Dai la kwanza lilikuwa kazi mbovu na iliyochelewa. La pili Nyakio alilitunga mwenyewe, na Debra akaliacha kama lilivyo: kwa sababu ya uzembe wa mdaiwa, mimi nimekosa kabisa kusikia baraka za baba yangu mzazi.

"Sasa hili la pili lina kazi," Debra akasema. "Utahitaji shahidi kwamba siku ile vipaza sauti vilifanya kazi, mzee alisikika, na alisema kitu cha maana. Na asiwe ndugu. Ndugu wote watasema unachotaka."

Nyakio alianza na nyumbani hata hivyo, maana kabla ya shahidi alitaka kujua maneno. Oyoo aliulizwa mezani. Oyoo ni fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na yaliyonyooka, lakini jioni hiyo alipinda.

"Alisema mambo mazuri," alijibu akikoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Mambo gani?"

"Ya kupendana. Tuheshimiane. Si unajua wazee."

"Dakika sita, Oyoo. Ni hayo tu?"

"Nyakio, mimi nilikuwa bwana harusi. Nilikuwa nimekaziwa tai. Sikumbuki."

Baba yake aliulizwa asubuhi, akiwa kibarazani anamenya muwa wa mjukuu wa jirani. Nyakio alimwekea daftari mapajani. "Baba, uliniambia nini siku ile? Niandikie tu." Mzee alilitazama daftari muda mrefu. Kisha akaandika neno moja, Nilishasema, akalifunga, akaendelea na muwa wake. Nyakio alifikiri ni ukaidi wa wazee, baraka lazima itoke mdomoni, haiandikwi kama orodha ya dukani. Akazidi kumchukia Quincy.

Ndipo akamkumbuka mpishi. Rael alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega, mwenye kibanda cha chakula Uthiru, na ndiye aliyekodiwa kupika pilau ya ruracio. Si ndugu, si rafiki, na jiko lake lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye vipaza sauti. Shahidi gani bora kuliko huyo?

Jumamosi Nyakio akashuka Uthiru. Kibanda kilikuwa kando ya barabara ndogo inayoacha Waiyaki Way, mabati mapya, benchi mbili, sufuria ya maharagwe inatokota. Rael alikuwa anasukuma chapati. Alipoinua macho na kumwona ni nani, mkono ulisimama juu ya unga, kisha ukaendelea.

"Karibu, madam. Ni chakula ama?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba kitu."

Akamweleza. Alieleza kwa hasira iliyokwisha kupangwa, maana alikuwa ameieleza mara nyingi: video, kwaya, vimioyo, chipsi, siku thelathini. Rael alisukuma chapati tatu. Ya nne akaiacha mviringo nusu.

"Huyo kijana wa kamera namkumbuka," alisema. "Wakati mzee alisimama, yeye alikuwa kwangu. Sahani ya pili. Kamera aliwacha imesimama huko peke yake na miguu yake mitatu. Nikamwuliza, we, si mzee anaongea? Akaniambia wazee wote huongea kitu moja."

Nyakio karibu aruke kwenye benchi. "Mama, hiyo! Hiyo ndiyo nataka useme kortini! Kesi ni Alhamisi. Nitakulipia siku yako yote."

"Naweza sema." Rael akajifuta mikono kwa leso polepole. "Lakini wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nitasema nilitoka nje nikaenda nyuma ya hema. Wataniuliza nilienda kufanya nini. Nikisimama na Biblia kwa mkono, siwezi danganya, madam."

"Udanganye kwa nini? Ulienda kufanya nini?"

Rael alimwangalia usoni, na Nyakio akaona kwamba mama huyu anatafuta kujua kama anatania.

"Kwani huwezi kumbuka?"

"Kukumbuka nini?"

"Nilienda kurekodi."

Maharagwe yalifurika, yakazima kipande cha moto. Rael hakuyashughulikia.

"Mzee alikuwa anaongea vizuri mpaka nikashindwa kukaa jikoni. Mimi baba yangu alikufa hajawahi niambia neno. Nikasema nirekodi, nitumie dadangu huko Malava asikie vile mzazi anaweza ongea na mtoto. Nikainua simu. Nikapata kama dakika mbili, tatu hivi. Ndiyo wewe ukakuja."

"Mimi?" Nyakio akauliza.

"Ulinishika hapa," Rael akagusa juu ya kiwiko. "Ukaniambia mpishi ni wa jikoni. Ukaniambia umelipa kamera, hutaki picha zako kwa mtandao na watu wa mtaa. Ukasema nifute. Nikafuta. Ukaniambia fungua pipa, kuna mahali zinabaki, na huko pia ufute. Ukasimama hapo mpaka ikaisha."

Sasa aliikumbuka. Haikumjia polepole. Ilimjia yote mara moja, gauni la manjano, harufu ya kitunguu, simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, kidole cha mwanamke huyu juu ya alama ya pipa, na yeye Nyakio akisema, "Hapo, bonyeza hapo." Alikuwa ameihifadhi kichwani kwa jina la mambo ya jikoni. Hata jina la mwanamke hakuwa amelijua siku ile. Aliangalia mkono wake mwenyewe juu ya benchi, mkono ule ule, wenye rangi ya kucha aliyoipaka Ijumaa, akauona kama kitu kilichookotwa mtaroni. Hakuwa amewahi kujichukia hivyo. Kwa Quincy alikuwa na chuki ya kutosha, lakini Quincy alizembea tu. Yeye alikuwa amesimama pale na kuhakikisha.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe."

"Nilisamehe zamani. Ningekula hasira hizo zote ningepika saa ngapi?"

"Wewe uliyasikia? Maneno?"

"Wewe ulikuwa unaangalia simu yangu," Rael akasema. "Mimi nilikuwa namsikiliza mzee."

"Niambie."

Rael aliipakua chapati iliyokuwa kwenye kikaango, akafunika unga kwa sufuria, akakaa kwenye benchi la mbele, magoti yakigusana na ya Nyakio. Alifumba macho kidogo. Na alipoanza, kwa Kiswahili chake cha Malava, alijaribu hata ule mkwaruzo.

"Alisema hivi. 'Watu wa Oyoo, mimi ni mtu wa soko, kila kitu nimeuza kwa kelele. Huyu siuzi. Huyu nawaazima. Nimemwita tangu akiwa mdogo, kutoka mbali, na hata siku moja hajawahi niacha niite mara mbili. Anaitika kabla sijamaliza. Sasa madaktari wanachukua hii sauti. Kwa hivyo kazi ya kumwita nawaachia nyinyi. Mwiteni polepole. Msimpigie kelele. Ukali anao, lakini akisikia jina lake anakuja.' Hapo watu wakapiga makofi. Ndiyo akasema, 'Wacha nimwite mara ya mwisho, mbele yenu, muone.'"

Nyakio alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Akaita. Kwa nguvu. Hata nilifikiri koo itapasuka. 'Nyakio!' Nikakuangalia. Wewe ulikuwa unaniambia, 'Bado iko hapo, futa na hiyo.' Akaita tena. 'Nyakio!' Watu wakaanza kugeuka-geuka. Nilitaka kukwambia, madam, unaitwa, lakini ulikuwa umeniambia ninyamaze. Basi mzee akangoja. Akangoja. Mwisho akacheka, akasema, 'Yuko kazini. Atasikia kwa video.' Watu wote wakacheka. Akakaa."

Mteja alikuja akaulizia chai, Rael akamwashiria arudi baadaye.

"Alhamisi nitakuja ukitaka," alisema. "Nitasema ya huyo kijana na sahani zake. Atashindwa, huyo. Lakini hii ingine pia itatoka."

Nyakio alimwambia atampigia. Alimpa mkono wa kwaheri, na Rael akaupokea kwa mikono miwili yenye mabaki ya unga.

Oyoo alikuwa nje ya nyumba Mutuini, anabadilisha bomba la tangi. Nyakio hakumsalimu.

"Ulijua aliniita."

Oyoo aliweka spana chini. "Nilijua."

"Watu wote walijua."

"Walijua. Mzee alituambia tukae kimya. Aliandika kwa karatasi hospitali, siku ile alipoamka. Alisema utaona kwa video, utalia siku moja, iishe. Sisi hatukujua video itakuwa viatu."

Nyakio aliingia sebuleni, akampigia Debra hapo hapo, amesimama.

"Hilo dai la pili. Liondoe."

"Nyakio, hilo ndilo kesi yenyewe. Hilo la kwanza ni pesa tu."

"Basi tubaki na pesa tu. Amekula pilau yangu na hakufanya kazi, arudishe. Mama Rael atasema ya sahani, na wakimwuliza mengine aseme yote, nitakuwa nimekaa hapo. Lakini siwezi kuapa kwamba Quincy ndiye aliyeninyima sauti ya baba."

"Kumetokea nini?"

"Liondoe, Debra."

Mzee Mbugua alikuwa kwenye kiti chake, daftari mapajani, na bila shaka alikuwa amesikia. Nyakio aliketi kwenye kile kigoda, safari hii ameipa runinga mgongo. Kitambaa cha shingoni kilipanda na kushuka kwa pumzi ya mzee.

"Uliniita mara mbili," alisema.

Mzee akashika biro, akaandika. Nani amekwambia?

"Mpishi. Yule niliyemfutisha simu."

Mzee aliandika taratibu, mwandiko wake mkubwa wa kuandikia bei ubaoni. Akamgeuzia daftari. Nilimwona. Yule wa kamera alikuwa anakula. Nikaona huyu mama kwenye upenyo wa hema ameshika simu vizuri, nikaongea polepole, nikielekea kwake.

Nyakio alisoma, akasoma tena, akaweka paji la uso kwenye magoti ya baba yake. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, bila kujali nani anaona. Aliomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, akaomba mpaka maneno yakamwishia. Mzee akamwacha alie. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha binti yake, mzito, unanuka ng'ombe na sabuni.

Kisha mkono ukaondoka. Nyakio akasikia mzee akipapasa meza ndogo pembeni, akasikia kikombe kikisogezwa. Kijiko kikagonga mara moja, ingawa aliyekuwa akiitwa alikuwa papo hapo miguuni pake.

"Naam, baba," Nyakio akaitika.

Mzee akangoja kidogo, akainua kijiko tena, na kabla hakijagusa kikombe binti yake alikuwa ameshaitika.